Mjomba wa Manasi

Siku Laipa aliporudi kutoka barafuni, Ulayu alikuwa amejificha katika stoo ya nyumba ya vijana, akijifanya anapanga soksi za sufu. Soksi zenyewe zilikuwa zimepangwa tangu asubuhi. Alizimwaga sakafuni akazipanga tena, kisha akazimwaga mara ya tatu, maana kwa siku nne nzima alikuwa akiomba mambo mawili yasiyokaa pamoja: Laipa arudi salama, na Laipa achelewe kurudi.

Alisikia pikipiki za theluji zikipanda kutoka ufukweni, halafu zikazimwa moja baada ya nyingine. Alisikia sauti za wavulana sita waliokwenda na Laipa kuwinda sili wa baharini, wote wakiongea kwa mkupuo. Wiki moja iliyopita wavulana hao hawakuwa wakiongea na mtu yeyote.

"Mjomba wa Manasi huyoo!" mzee mmoja alipiga kelele kutoka barazani kwake. "Hongera, mjomba!"

"Asante, asante!" Laipa alijibu, akicheka.

Ulayu alifumba macho. Maskini, alikuwa akicheka kwa sababu hakujua amepongezwa kwa lipi.

Mlango wa stoo ulifunguliwa bila hodi. Huku hodi hubishwa na polisi na wageni tu. Mtu anayekupenda anaingia. Laipa alisimama pale, uso umebabuka kwa jua la Mei linaloakisi kwenye theluji, isipokuwa maduara mawili meupe palipokuwa na miwani. Alikuwa na sura ya kuchekesha, na Ulayu alimpenda hivyohivyo.

"Mbona umejificha? Nanuka?"

"Unanuka mafuta ya sili."

"Ndiyo manukato yangu. Ulishazoea." Alimsogelea, akashusha sauti. "Amekula?"

"Nani?"

"Ulayu! Mama yako, nani mwingine?"

"Amekula. Jana alimaliza bakuli mbili za supu, akaomba na mkate wa kukaanga. Ameshona na viatu."

Laipa aliketi juu ya soksi. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, kisha akacheka kwa aibu ya kuonekana analia. "Nilikwambia. Si nilikwambia?"

Alikuwa amemwambia, ndiyo. Kazi yao wawili ilikuwa haina jina zuri. Halmashauri ya kijiji iliwaajiri watafute vijana walioacha kutoka nje, waingie nyumba hata nyumba, waketi nao, wale nao, wawatoe kwenda barafuni na ziwani. Hawakuwa madaktari. Waliajiriwa kwa sababu wote wawili waliwahi kuwa vijana wa namna hiyohiyo. Ulayu alipokuwa na miaka kumi na saba alilala wiki kumi na moja akitazama ukuta, na Laipa, aliyemzidi miaka miwili tu, alikuja kila siku akaketi miguuni mwa godoro akichonga kipande cha jiwe. Hakumuuliza kitu. Siku moja Ulayu mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Hicho ni nini?" Laipa akasema, "Hata mimi sijui. Nasubiri uniambie." Mapenzi yao yalianza hapo, na yamekwenda miaka saba.

Halafu, majira ya baridi mawili yaliyopita, Manasi alijiua. Alikuwa mdogo wake Ulayu, mwenye miaka kumi na minane, fundi wa kuiga sauti za watu. Aliondoka Jumapili, saa ambayo dada yake alikuwa nyumba nyingine ameketi na mtoto wa watu. Tangu siku hiyo mama yao, Rageli, alilala. Hakuugua ugonjwa unaojulikana. Alilala tu, akawa anaamka kwenda msalani na kurudi, na ndoa iliyokuwa imepangwa ikaahirishwa, maana nani angeomba mke kwa mtu asiyefungua macho?

Mwezi huu dada yake Laipa, Gila, alirudi kwa ndege kutoka Iqaluit, mji mkuu wa jimbo lao la kaskazini, akiwa na mtoto mchanga wa kiume. Kabla ya kwenda kuwinda, Laipa alikwenda kwa dada yake akamwomba kitu kimoja: mtoto huyu aitwe Manasi. Huku mtu akifa, jina lake hukaa likimsubiri mtoto, na mtoto akilipokea, aliyeondoka amerudi. Mama wa marehemu atamwita mwanangu. Dada wa marehemu atamwita kaka, hata kama kaka mwenyewe bado ananyonya. Hakuna anayeona ni mchezo. Gila alikubali, Laipa akafunga sleji yake nyuma ya pikipiki, akaondoka na wavulana wake akiwa na furaha ya mtu aliyetoa zawadi kubwa bila kutumia kitu.

"Laipa, nisikilize. Kuna jambo."

"Hapana, wewe nisikilize. Leo ndiyo leo. Nimemletea ini la sili, bado bichi kabisa. Nakwenda kukuomba sasa hivi."

"Hujaoga hata uso."

"Umekubali au hujakubali?"

Ulayu alikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulikuwa wazi, maneno yalikuwa tayari, na macho ya yule mwanamume yalikuwa yakimtazama kama alivyokuwa akimtazama tangu akiwa na miaka kumi na saba. Badala ya kusema, aliinua nyusi zake juu, ambayo kwao ndiyo "ndiyo". Wapo watakaomlaumu. Ni rahisi kumlaumu mtu ukiwa umeketi mahali pa joto.

"Oga kwanza," alisema.

"Nikioga nitaogopa," Laipa akajibu, akamshika mkono, wakatoka.

*

Mama Rageli hakuwa kitandani. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, nywele amesuka mikia miwili, akiyumba taratibu huku na huku. Ndani ya kofia kubwa ya koti lake, mgongoni, kichwa cheusi cha mtoto kilichomoza kidogo tu. Gila alikuwa kwenye kochi akinywa chai, na sakafuni, juu ya kipande cha boksi, mama mkubwa Aluki alikuwa akikata nyama iliyoganda kwa kisu chake cha nusu mwezi.

"Kaka yangu amefika!" Rageli alipaza sauti.

Akamkumbatia Laipa na mafuta yake yote. Laipa alimtazama Ulayu juu ya bega la yule mama, macho yamejaa ushindi. Miaka miwili hawakuwa wamesikia sauti hiyo.

"Kaka tena, mama?" alisema. "Mimi nimekuja kuwa mkwe."

Kisu cha Aluki kilisimama. Gila aliweka kikombe chini, akaanza kuchunguza kucha zake.

"Mkwe wa nani?" Rageli aliuliza, bado anatabasamu.

"Wako. Nimekuja kumwomba Ulayu. Najua nanuka, lakini ukinisubiri nioge utasubiri hadi kiangazi."

Aluki alicheka kidogo, akanyamaza alipoona amecheka peke yake. Rageli alimshika Laipa mkono akamketisha sakafuni, naye akapiga magoti mbele yake. Hakuwa na hasira hata chembe. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Hasira Ulayu angeijibu.

"Laipa. Huyu niliyembeba ni nani?"

"Manasi."

"Nani alisema aitwe hivyo?"

"Mimi."

"Sitasahau hadi nife. Gila ni nani wake?"

"Ni mama yake. Amemzaa."

"Na wewe u nani wake?"

"Mjomba wake."

"Na Ulayu?"

Laipa alifungua mdomo ajibu haraka, kama mwanafunzi anayejua somo. Jibu lilimfika kabla halijatoka. Ulayu aliliona likimfika. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, halina mwenyewe, kisha likaondoka.

"Ni dada yake," alisema polepole.

"Ni dada yake," Rageli alikubali. "Tumbo moja. Basi mjomba wa Manasi atamuoaje dada yake Manasi? Wewe ni kaka yangu sasa. Nimetangaza redioni Jumanne, kijiji kizima kimesikia. Nimesema mwanangu amerudi, na amekuja na ukoo."

"Rageli, acha hizo!" Aluki alipigilia kisu kwenye boksi. "Marehemu mume wangu alikuwa na jina la babu yangu mzaa mama. Mama alikuwa akimwita baba! Tulioana, tukazaa saba, hakuna aliyeota mkia. Majina ni majina, na watoto wanapendana. Kila mtu huku ni jina la mtu. Tukifuata hivyo hakuna atakayeolewa hadi ndege ituletee wanaume."

"Wewe dada hukumlilia babu yako."

"Nililia!"

"Uliimba kanisani, ukaenda kula. Nilikuwepo."

Aluki alirudi kukata nyama yake. Rageli aligeuka kwa binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu waingie sura yake ilikuwa na huzuni.

"Sikukatazi, mwanangu. Una miaka yako ishirini na minne. Nendeni kwa mchungaji, atawafungisha, yeye hajali mambo haya. Ila siku hiyo nitajua kwamba mmeona huyu ni mtoto wa Gila tu, mtoto mzuri, mpya, hana uhusiano na mimi. Nitamrudishia mama yake. Na mimi nitarudi kulala."

Alisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na upepo. Na hapo ndipo Laipa alipoinamisha kichwa. Alikuwa ameketi kwenye magodoro mengi ya watu wengi, na alijua kutofautisha anayetishia na anayesema kweli.

"Na mimi je, mama?" Sauti ya Ulayu ilipanda bila yeye kutaka. "Mimi si mtoto wako? Miaka miwili nakulisha, nakuosha nywele, nalala mlangoni mwako nisikie kama unapumua! Nilipata lini nafasi hata ya kulia? Nimeomba nini mimi? Nimeomba mtu mmoja!"

"Wewe uko hapa, Ulayu. Yeye ndiye aliyekuwa hayupo."

"Mimi ndiye ninayekufa kwa kuwa hapa!"

Mtoto alishtuka akaanza kulia. Rageli akayumba, akarusha maneno nyuma ya bega lake. "Umemsikia dada yako, Manasi? Unaona anavyopiga kelele? Hajabadilika, baba. Yuleyule." Akacheka. Kilikuwa kicheko kizima, kilichotoka tumboni, na meno yote yakaonekana. Ulayu alikuwa amemwomba Mungu kicheko hicho kwa magoti. Sasa kilikuja, na alitamani kuziba masikio.

Rageli alimtoa mtoto kwenye kofia akamweka mikononi mwa Laipa. "Mshike mpwa wako. Hajakuona tangu arudi."

Laipa alimshika. Mtoto akanyamaza, akatafuta kitu cha kunyonya kwenye kidevu chake kilichobabuka. Sebule nzima ilikuwa ikimtazama yeye. Ulayu alikunja pua kwa nguvu, ishara ya hapana, hapana, hapana. Alimwomba kwa uso wake wote. Laipa aliiona. Kisha akatazama mikono ya Rageli, ilivyorudiwa na rangi ya uhai, na sindano iliyochomekwa kwenye mkono wa koti lake, tayari kwa kazi.

"Nimekuja kumsalimia mpwa wangu," alisema. "Na ini nililoleta ni lako, dada."

Ulayu alichukua koti lake akatoka nje. Nyuma yake alimsikia mama yake akisema, "Mwacheni, atazoea."

*

Laipa alimkuta ufukweni, kati ya boti zilizopinduliwa, pale barafu ya bahari inapoanza kuvunjika vipande kwa sababu ya maji kupwa na kujaa. Jua lilikuwa kali, na watoto walikuwa wakiteleza kwa maboksi kwenye mteremko. Ilikuwa siku nzuri ya kuchumbiwa.

"Umeniuza kwa ini la sili," Ulayu alisema bila kugeuka.

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Ungebisha hata kidogo. Hata neno moja! Mama mkubwa amebisha, bibi wa miaka sabini, wewe umekaa unabembeleza mtoto."

"Ningebisha na nani? Na supu anayokunywa? Na viatu alivyoshona?" Laipa aliketi juu ya boti. "Ulijua."

"Tangu Jumanne."

"Ukaniacha niingie. Kijiji kizima kinaniita mjomba, mimi nacheka kama zuzu. Ukaniinulia nyusi, Ulayu."

"Nilitaka uingie! Nilidhani akikuona uso kwa uso ataona haya. Nilidhani utapigana."

"Wewe ulipigana? Siku nne ulikuwa naye peke yako."

Ulayu alikwangua barafu kwenye boti. Kila asubuhi ya siku hizo nne alikuwa ameamka na nia ya kusema. Kila asubuhi alimkuta mama yake jikoni anaimba, akaketi, akanywa chai.

"Mwambie Gila abadilishe jina," alisema mwishowe, na mara alipolisema akaona jinsi lilivyo baya.

"Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia."

"Ni mimi niliyemleta Manasi. Nilikaa barafuni siku saba nikijipongeza. Nilijiambia, Laipa wewe una akili, umemwinua mama, sasa utapata mke. Nilihesabu kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe nimesimama wapi." Alitoa kicheko kikavu. "Mtu mzima nimekulia humuhumu, naambiwa nani ni nani tangu nanyonya, nikasahau kwamba dada yangu ana kaka."

"Twende Iqaluit. Twende hata Ottawa. Kule hakuna anayejua Manasi ni nani."

"Mama yako anajua. Tutakuwa Ottawa, tumelala kitanda kimoja, simu ikilia tunatazamana. Utavumilia siku ngapi? Sema ukweli."

"Moja," Ulayu alisema. "Ningevumilia siku moja. Ningeitaka hiyo siku moja, Laipa."

Alivua glavu yake, akamvua na yeye, akamshika kiganja. Watoto mteremkoni walikuwa wakigombania boksi. Ulayu alikariri vidole vile kimoja kimoja, sugu za kamba, kovu la kisu, kidole cha mwisho kisichonyooka, na akajua anafanya hivyo kwa sababu moyo wake ulikwishaamua kabla hajauruhusu.

Laipa aliinama akaweka pua yake kwenye shavu la Ulayu, akavuta pumzi ndefu. Huku wapendanao hubusiana hivyo. Mjomba naye humbusu mpwa wake hivyohivyo. Ulayu alisubiri ajue ilikuwa ipi kati ya hizo mbili, na hadi Laipa alipoinuka akaenda zake, hakujua.

*

Asubuhi yake walikwenda kazini. Halmashauri haikuruhusu mtu kwenda nyumba za watu peke yake, na kijijini kote walikuwa hao wawili tu. Njiani theluji ilikuwa laini, kila hatua ilizama hadi kifundoni, na Ulayu alikanyaga makusudi pasipo na nyayo za Laipa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya akina Nivi. Nivi alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwa ametoka nje kwa siku tisa. Waliingia. Bibi yake aliwaonyesha chumba kwa kidevu, akarudi kwenye karata zake. Binti alikuwa amelala chali juu ya godoro, kofia ya sweta imemfunika hadi machoni. Ulayu aliketi miguuni mwake. Laipa alibaki jikoni, ambako mlango ulikuwa wazi, akajaza maji kwenye birika.

"Nimesikia redioni kaka yako amerudi," Nivi alisema.

"Amerudi."

"Mama yako alikuwa na furaha. Sauti yake ilikuwa nzuri."

"Ana furaha sana."

Nivi alivuta kofia chini zaidi. Kisha akasema, taratibu, kama anayeongea na dari, "Kumbe mtu akiondoka anarudi tu. Watu wanalia, halafu mtoto anazaliwa, halafu wanafurahi. Basi siyo kitu kikubwa."

Ulayu alisogea karibu zaidi naye. Jikoni, maji yaliacha kumiminika. Kulikuwa na majibu mengi waliyofundishwa kwenye semina, na yote yalimpita kichwani, mazuri, yamepangwa vizuri, hayana maana. Angeweza kusema unapendwa. Binti huyu alikwishaambiwa anapendwa na kila mtu aliyelipwa kumwambia.

"Manasi alipoondoka," alisema, "alidhani anaondoka peke yake. Ndivyo alivyoandika kwenye barua aliyoacha. Alisema tutalia kidogo. Mama amelala miaka miwili, Nivi. Mimi nimekuwa mzee. Na sasa amerudi, na bado anachukua vitu. Safari hii amemchukua mtu wangu."

"Nani?"

"Laipa."

Nivi alisukuma kofia nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza macho yake kuonekana katika siku tisa, yamevimba, mekundu, ya mtoto mdogo. "Kwani si mnaoana? Watu wote wanajua mnaoana. Mimi nilikuwa najiambia angalau hao wawili."

"Tulikuwa tunaoana. Sasa yeye ni kaka yake mama."

"Unanidanganya. Unanitania ili nitoke kitandani."

"Sijawahi kukudanganya."

"Unakubali, wewe?"

"Sijakubali. Nimeamka tu, nikavaa, nikaja kukuona."

Nivi alimtazama, akitafuta uongo. Hakuuona, lakini hakuamini pia. Akageuka kutazama mlangoni, ambako mgongo wa Laipa ulionekana, umesimama wima mbele ya jiko, bila kusogea.

Ulayu naye aliutazama mgongo ule. Neno lenyewe hakuwa amelitamka tangu Jumanne, si kwa mama yake, si kwa Mungu, si usiku alipokuwa peke yake. Alikuwa amelizunguka kama shimo la barafu. Alijua likitoka mara moja halitarudi ndani. Alimtazama tena Nivi, akaona anasubiri, akaona na kile kinachomsubiri Nivi mwenyewe kama leo akiondokewa na mtu wa kumwamini.

"Mjomba," aliita. Sauti ilikatika katikati, akaianza upya. "Mjomba, mletee mtoto chai."

Jikoni mfuniko wa birika ulianza kutetemeka kwa mvuke, hakuna aliyeushika. Bibi alikuwa ameshikilia karata moja hewani.

"Naam, mpwa wangu," Laipa akaitika, uso wake ukiwa bado ukutani.

Nivi ndiye aliyetangulia kulia.